Watu walio nyuma ya fungu la nyanya la buku

Masika yakikolea, bei ya nyanya mjini hupaa, na kila anayetoka sokoni na kikapu chepesi hulaumu mtu yule yule: dalali. Mkulima naye, huko Ilula mkoani Iringa au Ngarenanyuki mkoani Arusha, analalamika kwamba alichopewa shambani hakifiki nusu ya bei ya mjini. Wote wawili wanasema kweli. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba hiyo nusu nyingine imeingia mfukoni mwa mtu mmoja. Sehemu yake kubwa haikuingia mfuko wowote: imeoza, imeungua kama dizeli, au imebaki mbao tupu za tenga, lile sanduku la kubebea nyanya, nyuma ya soko.

Tuanze na majina, maana ugomvi mwingi hutokana na kuyachanganya.

Mkulima analima na, mara nyingi, anauzia shambani. Mnunuzi wa shambani anakuja na fedha, wanapatana, na kuanzia hapo mali ni yake. Huyu ndiye watu wa mjini humwita mlanguzi, jina ambalo limeshamhukumu kabla hajasikilizwa. Dalali ni mtu mwingine kabisa, kwa sababu yeye hanunui. Anauza mali ya mwenzake kwa ujira, na wako wa aina mbili. Dalali wa shamba anajua nani ana nyanya zilizofikia kuchumwa. Anampeleka mnunuzi na kulipwa kwa kila tenga. Dalali wa soko anaupokea mzigo mjini usiku, anautafutia wateja, anakusanya fedha, anakata chake na kumkabidhi mwenye mzigo kilichobaki. Katikati yao yupo dereva na utingo wake, wapo makuli wa kupakia na kupakua, yupo wa guta, kile chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, yupo mwenye meza au kizimba sokoni, na mwisho kabisa yupo mama wa genge mtaani kwako, ambaye naye kanunua kwa huyo wa kizimba.

Kinachowatenganisha watu hawa ni swali moja tu: mzigo ukioza njiani, hasara ni ya nani? Dereva atalipwa nauli yake hata mkishusha rojo. Kuli kashalipwa kwa tenga. Dalali wa soko atakosa ujira wake, basi, mtaji wake uko salama kwa sababu hakuweka. Hasara yenyewe inamwangukia mwenye mali wa saa hiyo: njiani ni mnunuzi wa shambani, sokoni ni mwenye meza. Hao wawili wakipandisha bei siku mzigo ukiwa mzuri, wanaziba shimo la wiki iliyopita. Wengi wa hao wengine wanalipwa kwa kichwa cha tenga, liwe zima au limeoza.

Wengi pia huamini kwamba anayewauzia nyanya ndiye aliyezilima. Kwenye magulio ya vijijini, siku ya mnada, hilo linaweza kuwa kweli. Kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Ilala, Mabibo au Temeke Stereo ni nadra mno, na sababu yake ni umbali na wakati. Kutoka Ilula hadi Dar ni kilomita zaidi ya 400. Shamba la nyanya huchumwa mara kadhaa, siku chache kati ya mchumo na mchumo, na kati ya hapo linataka maji na dawa. Mkulima akifuata mzigo wake mjini na kukaa siku tatu akiuza, mchumo unaofuata utaiva kupita kiasi huku hayupo. Anauza shambani kwa sababu hawezi kuwa mahali pawili.

Hesabu ya tenga moja

Tufuate tenga moja la kilo 40. Namba zinazofuata ni za mfano, za kuonyesha njia ya hesabu. Bei halisi hubadilika kila wiki.

Tuseme mkulima kalipwa shilingi 20,000, yaani shilingi 500 kwa kilo. Tenga lenyewe, mbao na misumari, 3,000. Wachumaji na wapangaji 1,500. Kulitoa shambani hadi barabarani kwa bodaboda au mkokoteni 1,000. Nauli ya lori la Fuso 5,000. Ushuru na kupakua 1,500. Madalali 2,000. Tumefika 34,000 na bado hakuna aliyepata faida. Mnunuzi wa shambani anaweka 4,000 juu, kwa hiyo mwenye meza analichukua tenga kwa 38,000. Analipa wa guta na ushuru wa meza, tuseme 2,000. Jumla 40,000.

Sasa analifungua. Hapa ndipo hesabu ya watu wengi inapokosea, kwa sababu wanagawa 40,000 kwa kilo 40 na kupata 1,000. Tenga lililosafiri usiku kucha halina kilo 40 za kuuza. Tuseme limetoa kilo 32 ngumu, kilo 5 laini zilizopasuka kidogo, na kilo 3 za kutupa. Zile laini, masalo kama zinavyoitwa sokoni, ataziuza kwa mama lishe na wakaanga chipsi kwa 400 kwa kilo, apate 2,000. Zimebaki 38,000 za kurudishwa na kilo 32. Ni karibu shilingi 1,190 kwa kilo, na hapo hajala hata shilingi. Akiuza kwa 1,400, atabaki na 6,800 kwa siku mbili za kusimama, endapo zote zitanunuliwa kabla ya hizo za mwisho nazo kulainika.

Bei ya shambani imezidi mara mbili na hakuna mwizi popote kwenye orodha. Wezi wapo, tutawafikia, lakini hata ukiwaondoa wote bei hii haishuki kwa kiasi ambacho watu hufikiria. Futa ujira wote wa dalali kwenye mfano huu, shilingi 2,000, uone: mwenye meza atahitaji 1,125 kwa kilo badala ya 1,190. Punguza uozo badala yake, tenga litoe kilo 38 ngumu na masalo 2, na bei ya kurudisha fedha yake inashuka hadi karibu 1,030. Kuoza ni ghali kuliko dalali.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au kutupwa, na matunda na mboga ziko kwenye kundi linalopotea zaidi. Kwa nyanya si ajabu: zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, yaliyofungwa kwenye ganda jembamba.

Nyanya zinaharibikia wapi hasa

Zinaharibikia kwenye tenga, na uharibifu huanza kabla gari halijawashwa.

Tenga la mbao hujazwa kupita mdomo, kisha mfuniko hubanwa juu yake kwa misumari au kamba. Ukipanga matenga matano kwenda juu, uzito wa yale ya juu haukai kwenye mbao. Unakaa kwenye nyanya za chini. Zinapasuka, maji yake yanachuruzika kwenye jirani zake, na kwenye joto la mzigo uliofunikwa turubai uozo unasafiri kwa haraka. Kingo za mbao ambazo hazikupigwa randa zinachana ganda kila gari linaporuka tuta. Vikonyo navyo ni adui asiyetajwa: nyanya iliyochumwa na kikonyo chake kikavu inamtoboa mwenzake kwa saa nane mfululizo. Mchumaji mzuri anavivunja vyote kabla ya kupanga.

Kreti ya plastiki inatatua karibu yote hayo. Inabeba kilo 20 hadi 25, ina matundu ya hewa, na ukizipanga, uzito unashuka kupitia kuta zake bila kuigusa nyanya. Mbona basi hazitumiki zaidi? Wataalamu wa semina hujibu kwamba wakulima hawana elimu. Si kweli. Shida ya kreti ni kurudi. Tenga la mbao linaachwa mjini, linageuka kuni au meza, na hakuna anayelidai. Kreti ni mali. Lazima mtu aihesabu Ilala, aipakie kwenye gari linalorudi Iringa, na aipokee upande wa pili. Dereva anayerudi na saruji au soda hana nafasi ya kreti tupu, labda alipwe. Mpaka pawe na mtu ambaye kazi yake ni kuzirudisha, na ujira wake umeingizwa kwenye bei, mbao zitaendelea kushinda.

Jambo la pili ni rangi ya kuchumia. Nyanya ya soko la karibu inaweza kuchumwa ikiwa nyekundu. Ya kusafiri usiku kucha inatakiwa iwe imeanza tu kuvunja rangi, wekundu kidogo kitakoni, nayo itaiva njiani. Hatari iko upande wa pili: bei ikipanda, wachumaji hulazimishwa kuchuma kijani kabisa. Jaribio ni kukata moja kwa kisu kikali. Mbegu zikiteleza pembeni kwenye ute wake, imekomaa na itaiva. Kisu kikizikata mbegu zenyewe, ni changa. Itakuja kuwa na wekundu wa uongo, ngumu, isiyo na ladha. Hizo ndizo watu huzila wakasema nyanya za siku hizi zimepigwa dawa ya kuivisha. Mara nyingi hazikupigwa kitu, zimechumwa kabla ya wakati.

Saa ya kuchuma nayo ina uzito wake. Asubuhi umande ukishakauka ni sawa. Mara baada ya mvua ni vibaya, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye ganda yanabeba vijidudu vya uozo hadi kwenye kila mchubuko. Ndiyo moja ya sababu za masika kuwa ghali. Nyingine ni bakajani, ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yenye maji, na barabara za shambani ambazo Fuso haliingii, hivyo kila tenga linalipiwa mara mbili hadi kufika lami. Na hata nje ya masika yupo kantangaze, kipepeo wa usiku aliyetoka Amerika Kusini na kuripotiwa nchini Tanzania mwaka 2014 huko Ngarenanyuki. Viwavi wake huchimba mahandaki kwenye majani na matunda. Shamba lililovamiwa linaweza kutoa masalo peke yake.

Huo unga mweupe au wa kibuluu unaouona kwenye nyanya za masika kwa kawaida ni mabaki ya dawa ya ukungu, kwa kuwa mvua inaiosha na mkulima anarudia kupiga. Kila lebo ya dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Wakati bei iko juu ndipo siku hizo huibwa. Suuza kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa vidole, hasa pale kwenye kikonyo. Kuiloweka tu kwenye beseni hakutoshi.

Dalali na cha juu chake

Sasa tuseme kuhusu wizi, maana upo.

Dalali wa soko anategemewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muda. Magari yanaingia usiku wa manane, biashara ya jumla inachemka kabla ya alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi bei imeshalegea. Mgeni mwenye matenga mia mbili, yaani tani nane za nyanya, ni kama aliyebeba barafu juani: kila anapobishana bei, mzigo unapungua. Ya pili ni mali kauli. Wachuuzi wengi huchukua mzigo alfajiri bila fedha na kulipa jioni wakishauza. Dalali ndiye anayejua nani hulipa na nani hukimbia. Ujuzi huo una thamani yake, na ndiyo maana soko likihamishwa, kama ilivyotokea baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021, wachuuzi huumia kuliko inavyoonekana kwa macho: wadaiwa na wadai wanapotezana.

Ujira unaojulikana si tatizo. Tatizo ni cha juu. Dalali anauza tenga kwa 38,000, anamwambia mwenye mzigo limeuzwa 33,000, anabaki na 5,000 halafu anadai na ujira wake halali juu yake. Njia nyingine ni kusema matenga kumi na tano yameoza yakatupwa. Mwenye mzigo, hasa mkulima aliyeamua kuutuma mwenyewe, yuko Iringa, atajuaje?

Anaweza kujua kwa kiasi. Kabla ya kuchuma apige simu masoko mawili tofauti, na aulize bei ya kununua, kana kwamba yeye ni mchuuzi. Dalali akidhani anaongea na mteja hana sababu ya kuishusha. Matenga yahesabiwe mara mbili, wakati wa kupakia na wa kushusha, na idadi iandikwe kwenye karatasi moja ambayo dereva anasaini. Kila tenga liwekwe alama ya rangi ya mwenye mali, kwa sababu kwenye gari la watu watano yale mabovu yana tabia ya kuwa ya asiyekuwepo. Yaliyoharibika yapigwe picha kabla ya kutupwa, alama ikionekana. Bora kuliko yote, wakulima wanne au watano wapakie pamoja na kumlipia mmoja wao nauli ya kwenda na mzigo. Nauli yake ikigawanywa kwa matenga mia mbili ni fedha ndogo sana ukilinganisha na cha juu cha 5,000 kwa kila tenga.

Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula, ila orodha hiyo imeegemea nafaka, maharage na viazi mviringo. Na wanaouliza kwa nini nyanya zisiuzwe kwa stakabadhi ghalani, yaani zao kuhifadhiwa ghalani likisubiri mnada, kama korosho wanasahau ghala ni la nini. Korosho inaweza kungoja mnada. Nyanya haingoji hata kikao.

Lumbesa: kwa nini haifi

Kwa viazi na vitunguu tenga linakuwa gunia, na hapo mkanganyiko ni mwingine.

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kofia ya wavu au kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo iko wazi: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa hufika 130, 140 na zaidi. Kila mwaka viongozi hulikemea, Wakala wa Vipimo hukamata baadhi, na mwezi unaofuata yako barabarani tena.

Watu husema ni ujinga wa mkulima. Tuangalie hesabu. Bei ikiwa 60,000 kwa gunia, gunia la kilo 100 linampa mkulima 600 kwa kilo. Lumbesa la kilo 140 kwa bei hiyo hiyo linampa takriban 430. Ametoa kilo 40 bure, zenye thamani ya 24,000. Mkulima analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anakubali kwa sababu mnunuzi atavuka kwenda kwa jirani anayeshona kofia, na viazi vilivyokwisha kung'olewa haviwezi kurudishwa ardhini.

Mnunuzi naye ana sababu yake, na humo ndimo mzizi ulimo: karibu kila mtu njiani analipwa kwa gunia, hakuna anayelipwa kwa kilo. Nauli ni kwa gunia. Kuli ni kwa gunia. Dalali ni kwa gunia. Hata ushuru wa mazao, ambao kisheria ni asilimia ya thamani (ulishushwa kutoka asilimia 5 mwaka 2017, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri ukasamehewa), pale kwenye kizuizi cha barabarani mara nyingi huhesabiwa kwa kuangalia magunia. Tani 14 zikifungwa kwenye magunia ya kilo 100 ni magunia 140. Zikiwa lumbesa za kilo 140 ni magunia 100. Mnunuzi kafuta malipo ya magunia 40 katika kila kituo. Kumkamata mkulima mmoja na lumbesa lake hakugusi kabisa faida hiyo. Siku nauli, ushuru na ujira wa dalali vikitozwa kwa kilo, kofia itakuwa kazi ya bure na itakufa yenyewe.

Anayelipia kwa mwili ni kuli. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 ni kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Hata gunia halali la kilo 100 limeshapita hapo. Kenya walishusha kikomo cha gunia la viazi hadi kilo 50, ingawa huko nako utekelezaji umekuwa wa kuvutana.

Na lumbesa halimnufaishi mlaji, kinyume na inavyodhaniwa. Mwenye meza analinunua kwa bei ya lumbesa, analipima upya kwa ndoo na sado, yaani kopo la kupimia, na wewe unalipa kwa sado. Zile kilo 40 zimeishia katikati.

Pale mezani

Bei ya fungu la nyanya kwa kawaida ni shilingi 500 au buku, yaani 1,000, na itakuwa hivyo masika na kiangazi. Kinachobadilika ni fungu. Nyanya zikiwa tele utapewa sita kubwa. Zikiadimika zitakuwa nne, kisha nne ndogo, kisha tatu na kiduchu kimoja juu. Muuzaji hafichi kitu, anakwepa chenji. Fungu la 730 lingemfanya atafute sarafu kutwa nzima. Kwa hiyo ukiuliza tu “fungu bei gani?” hujauliza bei. Linganisha ukubwa kwa meza mbili tatu, na tazama nyanya za chini, kwa sababu fungu hujengwa: tatu au nne imara ni msingi, yenye doa hukaa katikati ikitazama ndani, na yenye kung'aa hukaa juu. Muuzaji mwenye wateja wa kudumu hafanyi hivyo, na ndiyo faida halisi ya kuwa na muuzaji wako wa kudumu.

Masalo si lazima yawe mabaya. Nyanya iliyolainika au kupasuka leo inafaa kabisa kwa mchuzi wa leo. Yenye ukungu wa manyoya au harufu ya kuchacha iache, hata kwa kukata pembeni, maana kwenye tunda laini ukungu huingia ndani kuliko unavyoonekana. Na ukifika nyumbani usikimbilie friji: chini ya nyuzijoto 12 hivi nyanya ambayo haijaiva sawasawa huacha kuiva na hupoteza ladha. Kivuli chenye hewa kinatosha, kitako kikiwa juu.

Kwa vitu vya kupima, mshale wa mzani uwe kwenye sifuri kabla ya mzigo kuwekwa, na mzani uwe na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Sado tazama kitako chake. Lililobondwa kwenda ndani limepunguzwa ujazo, na kilima cha viazi juu yake hakirudishi kilichoibwa chini.

Mwenye meza mwenyewe ana gharama ambazo mteja hazioni. Kizimba ni cha halmashauri, lakini si ajabu jina lililoandikwa ofisini kuwa la mtu ambaye hajawahi kuuza hata kitunguu pale. Anakipangisha kwa bei yake, na anayeuza analipa kodi mbili. Mtaji nao una hadithi yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na huchukua muda. Tenga lililooza Jumanne linataka mtaji mpya Jumatano alfajiri. Hapo ndipo watu huingia kwenye kausha damu, mikopo ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku au kila wiki. Anayedaiwa marejesho ya jioni hawezi kusubiri bei; saa kumi na moja atakuuzia fungu la buku kwa mia saba. Wanaopona ni wale wenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, au mchezo, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, na mara nyingi mchezo wa kutoana kila siku huanzishwa kwa sababu hiyo hasa.

Kuna zao moja ambalo mnyororo wake ni mfupi hata katikati ya jiji: mchicha. Kwenye mabonde ya Dar es Salaam mkulima hauzi kwa fungu, anauza kwa tuta. Mchuuzi, kwa kawaida mwanamke, analitazama tuta likiwa limesimama, wanapatana, analipa, kisha anang'oa mwenyewe jioni au alfajiri, anaosha, anafunga, na kutembeza kwa beseni. Mchicha uko tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mkulima anarudisha fedha haraka na hasara ya kunyauka inakuwa ya mchuuzi peke yake. Ndiyo maana bei ya asubuhi na ya saa kumi hazifanani. Ukitaka kujua kama fungu ni la leo, usitazame majani, yamenyunyiziwa maji. Kata ncha ya shina kwa ukucha. La leo linakatika kwa mlio na lina unyevu ndani. La jana linajikunja.